Milimita Tatu

Hermosillo, Agosti. Saa nne asubuhi
na spana iliyosahaulika juani
tayari hushikwa kwa kitambaa, kama sufuria.
Baba amelaza mezani kipande cha plastiki nyeusi,
kigumu, kizito, cha bei isiyotajwa mbele ya mama,
anachora juu yake kwa penseli ya seremala
matundu manne ya pumzi, matundu saba ya bolti.
Unene: milimita tatu. Amepima mara nne.

"Chuma humwambukiza chuma," asema bila kuinua uso.
"Kichwa cha injini kikiwaka, manifoldi nayo huwaka,
na hewa hupashwa moto kabla haijafika kazini.
Hewa ya moto ni nyepesi, Otilia.
Ni gunia lililojaa makapi. Utasaga nini?"

Mlangoni, ami Crispín na soda yake ya mkwaju:
"Hewa haikai humo ikaagiza kahawa.
Inapita mbio, kama mdaiwa mbele ya duka.
Nani aliungua kwa kupitisha kidole upesi
juu ya mshumaa?"
Wakawekeana kreti ya bia.
Mimi nikapewa daftari na kipimajoto,
maana mimi wananiamini;
wao kwa wao hawaaminiani tangu shamba la babu liuzwe.

Barabara ya Kino, ile pikapu ya Datsun, gia ya tatu,
kutoka nguzo ya kilomita hadi daraja
ambalo chini yake sijawahi kuona maji.
Kwa gasketi ya zamani, ile ya karatasi:
manifoldi nyuzi themanini na moja,
sekunde ishirini na tatu nukta nne.
Kwa hii ya baba, baada ya usiku mzima wa bolti na matusi:
nyuzi hamsini na sita.
Sekunde ishirini na tatu nukta mbili.

Nukta mbili! Kope hufunga na kufungua,
ndiyo hiyo. Nami niliyebonyeza saa
nina kidole kizito kuliko tofauti hiyo.
Ami alicheka mpaka kofia ikadondoka.
Baba hakujibu. Alifungua boneti,
akaweka kiganja wazi juu ya manifoldi
akakiacha hapo,
kama mtu aliyekesha na mtoto mwenye homa
na sasa anagusa paji la uso lililopoa.

Tukasimama kwenye kituo cha mafuta.
Dakika ishirini, bila kivuli, injini imezimwa,
Crispín anakunywa ushindi wake kwa mkopo.
Hapo ndipo Datsun hutuaibisha kila kiangazi:
joto la kichwa hupanda polepole,
petroli huchemka ndani ya kabureta kama uji,
na tunasukuma, sisi watatu, mbele za watu.
Ami alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

Baba akageuza ufunguo. Ikawaka.
Mara moja, bila kikohozi.

Hakuna aliyesema neno hadi kwenye maghala ya ngano.
Nilitafuta pa kuandika.
Daftari lilikuwa na safu ya kasi na safu ya joto;
halikuwa na safu ya kutosukuma.

"Ngoja Januari," ami akasema hatimaye,
"asubuhi ya baridi itaomba joto hilohilo mnalolifukuza."
Kweli tupu, na baba aliijua. Alilipa kreti.

Jumanne usiku Crispín alirudi nayo, nusu imeshanywewa,
akaiweka sakafuni, akazungukazunguka meza,
akagusa kilichobaki cha ile plastiki,
akauliza, kana kwamba anauliza habari za mvua,
kama kingetosha injini ya lori lake.
Baba alitazama kwanza kule jikoni,
aone kama mama amelala.